Barua ya wazi kwa wanaosimamia mitihani ya uuguzi: alama zinalindwa, mgonjwa je?

Waheshimiwa wajumbe wa mabaraza ya uuguzi na ukunga, wakuu wa vyuo, na ninyi nyote mnaotunga na kusahihisha mitihani ya leseni,

Yah: Maandalizi ya mtihani wa leseni na usalama wa mgonjwa

Mimi ni mkufunzi wa uuguzi. Kabla ya kushika chaki nilifanya kazi wodini kwa miaka mingi, na kila mwaka, inapobaki miezi mitatu kabla ya mtihani wa leseni, hukaa na wanafunzi wa mwaka wa mwisho tukipitia maswali ya mitihani iliyopita mpaka macho yanaingia giza. Nawaandikia kwa sababu ya jambo ambalo nimeliona kwa muda mrefu na ambalo mimi mwenyewe nina mkono ndani yake: katika miezi hiyo mitatu tunawajengea vijana tabia ambazo, wakishavaa sare na kukabidhiwa wagonjwa, tunawataka waziache siku hiyohiyo. Tabia haiachwi hivyo.

Sina ugomvi na mtihani wenyewe. Mgonjwa hana njia ya kumkagua muuguzi anayemkaribia na sindano. Leseni ndiyo inayomkagua kwa niaba yake, na leseni isiyotanguliwa na mtihani mgumu ni karatasi tu. Ninachowaomba mkitazame ni kile ambacho mtihani, kwa jinsi unavyotungwa na kusahihishwa, unawafundisha watu wakati wakijiandaa nao, kwa maana mwanafunzi husoma kitakachoulizwa, na mwalimu, wala sijitoi, hufundisha kile ambacho mwanafunzi wake atasahihishiwa.

Chukueni ushauri wa kwanza ambao kila mkufunzi huutoa: usiache swali wazi. Ukikwama, futa majibu mawili yasiyoelekea, chagua moja kati ya yaliyobaki, songa mbele. Kihesabu ushauri huu hauna kasoro, kwa sababu swali lenye majibu manne humpa anayekisia nafasi moja kati ya nne, na akishafuta mawili nafasi yake inakuwa nusu kwa nusu. Basi kijana hufanya hivyo mara mia, mara mia tano, mara elfu mbili, mpaka kukisia haraka na kwa uso mkavu kunakuwa sehemu ya mwili wake. Kisha anafika wodini, anakuta dozi iliyoandikwa kwa mwandiko usiosomeka, haijulikani kama ni uniti 4 au uniti 40 za insulini, na tunashangaa kwa nini hakusimama akauliza. Tangu lini tulimpa alama kwa kusimama? Katika karatasi zote nilizowahi kusahihisha, sijaona hata moja ambayo jibu lililokubalika lilikuwa ni kukiri kwamba taarifa iliyopo haitoshi kumpa mgonjwa dawa.

Ushauri wa pili ni wa hila zaidi, na naamini wengi wenu mnaujua. Tunawaambia wanafunzi kwamba katika maswali ya kipaumbele, jibu la kumwita daktari mara nyingi ni mtego, na kwamba mtungaji anataka kuona muuguzi akipima kwanza kabla ya kutenda. Chanzo cha kanuni hiyo ni kizuri, kwa sababu hatua za uuguzi huanza na kuchunguza, na muuguzi anayepiga simu bila kumtazama mgonjwa hana la kueleza. Lakini kanuni ikishageuzwa kuwa mbinu ya mtihani, hupoteza macho. Mgonjwa ambaye swali lenyewe limeshaeleza kwamba oksijeni yake inashuka, midomo imebadilika rangi na hawezi kumaliza sentensi moja, ameshapimwa. Kumpima tena presha kwa sababu kitabu cha mazoezi kimesema kupima huja kwanza ni kumchelewesha. Nimewasahihisha wanafunzi wenye akili sana ambao walichagua kuchelewa, wakanieleza kwa kujiamini kabisa kwamba hiyo ndiyo mbinu.

Mwaka jana niliamua kufanya jaribio dogo darasani. Kuna swali moja la ukunga ambalo halikosekani katika vitabu vya mazoezi: dawa ya kupambana na sumu ya magnesiamu salfeti, ile dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba, ni ipi? Darasa zima hujibu kwa sauti moja, kalsiamu glukoneti, hata waliosinzia nyuma. Nikaliweka kando na kuandika ubaoni habari ifuatayo. Mama mwenye kifafa cha mimba amejifungua jana mchana, na anapewa magnesiamu salfeti kwa sindano ya msuli kila baada ya saa nne. Sasa ni saa tisa usiku, dozi imefika. Saa tano usiku alikuwa akipumua mara 18 kwa dakika, mguu ukiruka goti likigongwa, na mfuko wa mkojo ulikuwa umekusanya mililita 140 katika saa nne zilizotangulia. Sasa anapumua mara 13, goti likigongwa mguu haujibu, na katika saa nne zilizopita umeingia mkojo wa mililita 60 tu. Ameandikiwa dozi. Uko peke yako wodini na mkunga msaidizi. Unafanya nini?

Sikuwapa majibu ya kuchagua. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika kwamba watampa dozi kisha watamfuatilia kwa karibu. Wachache waliandika watampa kalsiamu glukoneti, kwa kuwa ndilo neno lililokaa karibu na magnesiamu vichwani mwao, bila kusema kwamba dozi inayofuata isimamishwe. Hawakukosa maarifa. Nilipowauliza mmoja mmoja kwa mdomo, karibu wote walijua kwamba kabla ya kila dozi mama anatakiwa awe anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti lake liwe linajibu, na mkojo uwe angalau mililita 30 kwa saa. Walijua pia kwamba magnesiamu hutoka mwilini kupitia figo, kwa hiyo mkojo ukipungua dawa hujikusanya. Walichoshindwa ni kuziona namba tatu zikisogea kuelekea upande mmoja kwa wakati mmoja. Mtu aliyefundishwa kusoma mstari huo angeshtuka mapema, kwa sababu goti hunyamaza kabla ya kifua kunyamaza, na nafasi ya kumwokoa mama iko katikati ya mambo hayo mawili.

Msichana mmoja aliandika maneno manne: “Sitoi. Naita mtu sasa.” Chini yake akaongeza, kwa herufi ndogo, kwamba wakati msaada unakuja ataandaa oksijeni, mfuko wa kupulizia hewa na kalsiamu glukoneti gramu 1, vikae karibu na kitanda. Baada ya kipindi alinifuata akaniuliza kama mtihani nao ungempa alama kwa jibu la namna hiyo. Nilifungua mwongozo wa usahihishaji wa swali linalofanana na hilo nikamwonyesha. Alama zilikuwa kwa kutaja dawa, kutaja dozi yake na kutaja njia ya kuitoa. Kuzuia dozi hakukuwa na alama. Kuita msaada hakukuwa na alama.

Wataalamu wa fani hii wameshaeleza kwa nini hali iko hivi, wala si jambo jipya. Patricia Benner alionyesha mwaka 1984 kwamba muuguzi mwanagenzi huanza kwa kushikilia kanuni kwa sababu hana kingine cha kushika, na ni uzoefu unaomwezesha baadaye kuiona hali nzima. Christine Tanner, mwaka 2006, alieleza uamuzi wa kitabibu kama mwendo wa kutambua, kufasiri, kuitikia na kutafakari, akasisitiza kwamba kile muuguzi anachokuja nacho kitandani kina uzito mkubwa katika kile anachokiona. Nikiwaza wanafunzi wangu, wanakuja kitandani na nini? Wanakuja na maelfu ya maswali yaliyokatwakatwa, kila moja na mgonjwa wake asiye na jana wala kesho, aliyeumwa kwa mistari minne na kutoweka mara jibu linapochaguliwa.

Tena mgonjwa huyo wa karatasi ni mwepesi kupita kiasi. Namba zake zimeshahesabiwa na mtu mwingine. Hapa naomba niwaeleze kosa langu mwenyewe, maana sipendi kuwasema vijana kama kwamba nilizaliwa na saa mkononi. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa najaza chati za upumuaji kwa mtindo ambao kila aliyewahi kukaa wodini anaufahamu: wagonjwa wote wanapumua mara 20. Asiyehema kwa nguvu ni 20. Aliyelala ni 20. Ile namba nilitoka nayo shuleni, ambako nilikariri kwamba mtu mzima hupumua kati ya mara 12 na 20, nikaiona 20 kuwa ni namba salama isiyoulizwa na mtu. Mzee mmoja, siku ya tatu baada ya kufanyiwa upasuaji wa utumbo, nilimwandikia 20 saa kumi na mbili jioni na 20 tena saa nne usiku. Dada aliyenipokea zamu hakuiamini chati. Aliweka mkono juu ya kifua cha mzee, akaitazama saa yake kwa dakika nzima bila kusema neno, akahesabu 32. Presha ilikuwa bado nzuri. Mshono wa utumbo ulikuwa umefumuka ndani na maambukizi yameanza kusambaa. Mzee alirudishwa chumba cha upasuaji usiku uleule na akapona, lakini hakupona kwa sababu yangu.

Katika kipimo cha tahadhari kilichotolewa na Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha Uingereza mwaka 2012 na kuboreshwa mwaka 2017, ambacho hujumlisha alama za upumuaji, presha na dalili nyingine ili kumtambua mapema mgonjwa anayeharibika, kupumua mara 25 au zaidi kwa dakika peke yake hupewa alama 3, ambayo ndiyo ya juu kabisa kwa dalili moja, na inatosha kumfanya mgonjwa atazamwe kwa haraka. Wanafunzi wangu wanakijua kipimo hicho. Wanaweza kukijaza wakiwa wamefumba macho. Lakini hakuna hata mmoja kati yao ambaye katika maandalizi ya mtihani amewahi kutakiwa kuipata ile 25 mwenyewe, au kuulizwa afanye nini akikuta chati ambayo wagonjwa 6 wa chumba kimoja wote wanapumua mara 20 kwa siku nzima. Swali la namna hiyo lingekuwa rahisi kutunga, na lingepima uaminifu, macho na ujasiri kwa wakati mmoja.

Kuna jambo la usahihishaji ambalo nalihesabu kuwa zito kuliko yote niliyosema. Katika karatasi zetu makosa yote ni ndugu. Mtahiniwa aliyesahau kwamba Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, alifika hospitali ya kijeshi ya Scutari mwaka 1854 anapoteza alama 1. Mtahiniwa aliyechagua kumchoma mgonjwa potasiamu kloraidi isiyochanganywa, moja kwa moja kwenye mshipa, jambo linaloweza kuusimamisha moyo kabla sindano haijatolewa, naye anapoteza alama 1. Mwisho wa siku alama zinajumlishwa, na kijana ambaye amekosea maswali yote yanayoua lakini amepata historia, maadili, utawala na anatomia anapewa leseni kwa wastani mzuri. Wastani ni hesabu ya darasani. Kitandani mgonjwa hukutana na jibu moja.

Najua mtakachonijibu, kwa sababu nimekaa katika vikao hivyo. Mtasema kwamba si haki kumwangusha mtu kwa swali moja, ambalo huenda alilisoma vibaya au lilitungwa vibaya. Nakubaliana nanyi kabisa, na ndiyo maana siombi swali moja la kifo na uzima. Naomba hatari chache zinazojulikana, kama vile dawa zenye madhara makubwa, utambulisho wa mgonjwa kabla ya kuongezewa damu, upumuaji unaoharibika, kutokwa na damu baada ya kujifungua, na mzio mkali, kila moja iulizwe kwa njia kadhaa katika karatasi nzima, na eneo hilo lisahihishwe peke yake na kuwa na kiwango chake cha kufaulu ambacho alama za mahali pengine haziwezi kukifidia. Anayeshindwa hapo arudie hapo tu. Katika mitihani ya vitendo vipo vyuo ambavyo tayari vina hatua ambazo mtahiniwa akiziruka ameanguka, hata kama mengine yote ameyafanya vizuri. Kwa nini kalamu isamehe kile ambacho mkono hausamehewi?

Wapo waliokwisha kuanza safari ya kubadili mtihani wenyewe. Tangu Aprili 2023 mtihani wa leseni unaoitwa NCLEX, unaosimamiwa na Baraza la Taifa la Bodi za Uuguzi za Marekani, umeingiza habari za wagonjwa zinazoendelea kufunuka, ambapo mtahiniwa hujibu maswali sita juu ya mgonjwa mmoja: atambue dalili, azichambue, apange lipi linaelekea zaidi, atafute njia za kulishughulikia, atende, na mwisho apime matokeo ya alichokifanya. Baadhi ya maswali hutoa sehemu ya alama kwa jibu lililo sahihi kwa kiasi. Nimeyatumia darasani na nayapenda. Hata hivyo niwatahadharishe kuhusu jambo moja, kwamba haikupita hata mwaka nikakuta wanafunzi wamekariri majina ya hatua hizo sita kama shairi, kwa mpangilio, pamoja na mbinu za kubahatisha kila moja. Mtihani ukibadilika na maandalizi yakabaki yaleyale, tutakuwa tumewapa kasuku wimbo mpya.

Kwa hiyo kwa wakuu wa vyuo ombi langu linahusu yale madarasa ya jioni zaidi kuliko mtaala. Mtaala kwa kweli mara nyingi ni mzuri. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa kufundisha usalama wa mgonjwa kwa kada zote za afya, na vipengele vyake vingi vimeshaingia katika silabasi. Vinapotea katika ile miezi mitatu ya mwisho, wakati chuo kinahesabu asilimia ya ufaulu na kila kitu kisicho na alama kinatupwa nje. Mimi nimeanza na kitu kidogo kisicho na gharama. Tunapopitia zoezi, hatuishii kwenye jibu sahihi. Kila aliyechagua jibu lisilo sahihi husimama na kueleza, bila kuchekwa, mgonjwa wake angekuwa katika hali gani baada ya saa moja kama angelitekeleza jibu lile. Mara nyingi jibu ni kwamba asingepatwa na lolote, na tunaendelea. Mara nyingine chumba kinakaa kimya. Zoezi la maswali 50 lililokuwa likimalizika kwa saa moja sasa huchukua jioni mbili, na wapo wenzangu walioniambia kwamba nawapotezea watoto muda.

Wanafunzi wale wanajifunza pia kusema “nimekosea” mbele ya watu, kitu ambacho ukumbi wa mtihani hauwezi kukifundisha na ambacho wodi haiwezi kwenda bila hicho. Mficha maradhi kilio humfichua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mgonjwa mmoja kati ya kila kumi hupata madhara akiwa anahudumiwa, na kwamba zaidi ya nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuilika. Kiasi kikubwa cha kuzuia huko huanza na mtu mmoja kusema mapema kwamba dozi aliyoitoa haikuwa yenyewe.

Kwa watunzi, naomba kabla karatasi haijafungwa, kila swali lisomwe na muuguzi ambaye wiki hiyo ametoka zamu ya usiku, na aulizwe jambo moja: hali hii uliwahi kuikuta ikiwa safi hivi? Wekeni ndani ya habari ya mgonjwa vitu visivyohusika, kama ndugu anayelalamika juu ya chakula, dripu inayolia kitanda cha pili, au daktari aliyesema jana kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Mtahiniwa ajitafutie mwenyewe lipi ni lipi. Na tafadhali, katika mwongozo wa usahihishaji, wekeni alama kwa anayezuia dozi, kwa anayeomba mwenzake ahakiki hesabu, na kwa anayeita msaada akiwa na sababu ya kueleza.

Kwa mabaraza, lililo ndani ya uwezo wenu na lisilo katika uwezo wa mtu mwingine ni lile la kutenga eneo la usalama na kulipa kiwango chake cha kufaulu. Halihitaji kompyuta mpya wala kubadilisha silabasi. Linahitaji kikao, na uamuzi wa kuvumilia kwamba mwaka wa kwanza asilimia ya ufaulu itashuka na simu zitakuwa nyingi.

Ninayo maswali 12 niliyoyatunga kwa mtindo niliouelezea, pamoja na majibu halisi ya madarasa yangu mawili, yakiwa yameondolewa majina. Lile la magnesiamu ndilo la kwanza. Nitayaleta popote mtakaponiita, na ningependa mniruhusu niwape kwanza ninyi wenyewe, bila majibu ya kuchagua, kabla hatujaanza kuyajadili.

Wenu katika kazi,

Mkufunzi wa uuguzi